Waliokosekana kwenye Orodha ya Nosy Be

Kalathoumi alizaliwa Hell-Ville, mji mkubwa wa kisiwa cha Nosy Be, mwaka 1942. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani aliyetoka Ngazija akiwa kijana na hakurudi tena. Nyumbani kwao kilisemwa Kingazija, sokoni Kimalagasi, na shuleni Kifaransa. Kwa bibi yake aliokota maneno ya Kiswahili cha zamani, ya dini, ya bei na ya bahari, ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyaunga yakawa mazungumzo. Alikuwa na mkono mwepesi. Baba yake alitumaini kwamba mkono huo ungeshika sindano, lakini mtoto alipopata cheti cha shule watu wakamshauri asimwache akae kitako. Basi akapelekwa Mahajanga, mji wa bandari upande wa bara, kwa mama yake mdogo, Echata, mtaa wa Antanimasaja, ajifunze kupiga taipu.

Taipu alijifunza kwa miezi minne. Mwaka 1964, nchi ikiwa na miaka minne tangu ijitawale, ofisi moja pale mjini ilitafuta wasichana wenye vidole vyepesi, naye akachukuliwa. Ofisi yenyewe ilihusika na kuorodhesha watu: nani anaishi wapi, ana umri gani, amechanjwa au bado. Orodha hizo hazikuandikwa kwa mkono. Zilitoka kwenye mashine, na mashine zililishwa kadi za matundu.

Kadi ilikuwa karatasi ngumu, ndefu kidogo kupita kiganja, yenye safu themanini. Katika kila safu mliweza kutobolewa tundu moja, kuanzia la sifuri hadi la tisa, na juu ya sifuri zilikuwapo nafasi mbili zaidi ambazo pale ofisini hazikutumiwa na mtu yeyote. Mtu mmoja alikuwa na kadi moja. Namba yake ilitobolewa mwanzoni: tarakimu mbili za mahali anapokaa, kisha nne zake mwenyewe. Baada ya hapo jinsia, mwaka wa kuzaliwa, na mengine. Kalathoumi alikaa mbele ya mashine ya kutoboa, fomu upande wa kushoto, akisoma na kubonyeza. Kila fomu aliyoimaliza aliitia alama ndogo ya penseli pembeni. Amri aliyopewa siku ya kwanza ilikuwa fupi: palipoandikwa, toboa, palipoachwa wazi, pita. Akaifuata miaka miwili bila kuiuliza.

Mwezi wa nne mwaka 1966 daktari na mashine ya kupiga picha za kifua walizunguka Nosy Be kutafuta wenye kifua kikuu. Fomu za watu zikaja Mahajanga, na Kalathoumi akazitoboa. Baadaye yakaja majibu ya picha, nayo yakatobolewa kwenye kadi za pili na msichana mgeni kazini, Charifa, mzaliwa wa Mahajanga. Kadi ya mtu na kadi ya picha zilipaswa kuwa na namba moja. Mashine ilizilinganisha, na kila aliyeonekana ana kivuli kifuani ikatoa namba yake, jina likachapwa kutoka kwenye fomu. Mwezi wa saba orodha ilikuwa tayari, majina sitini na moja. Ikapelekwa kwa Hamidou, muuguzi wa Hell-Ville, ili awaite watu waanze dawa.

Mwezi wa tisa barua ya Hamidou ikafika. Mkuu wa sehemu, Bwana Abdérémane, aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mbele ya Kalathoumi, ambaye ndiye aliyemchapia barua zake.

"Jibu hii," alisema. "Mwambie orodha imetoka kwenye mashine, na mashine haina upendeleo."

Kalathoumi aliingiza karatasi kwenye taipu, kisha akaisoma barua. Hamidou aliandika kwamba wale sitini na mmoja amewaita na wengi wameanza sindano. Lakini aliwakumbuka wawili ambao daktari alimwonyesha picha zao mbele ya taa, akasema hawa wasicheleweshwe: Maoulida, seremala wa Hell-Ville, na Fatoumia, mchuma maua wa Ambondrona. Hawakuwamo. "Walipokuja kuuliza," aliandika, "niliwaambia kwamba kwa kuwa hawamo, huenda daktari ameona ni wazima. Tangu siku hiyo sina raha. Naomba mtazame tena."

Kalathoumi hakuwajua watu hao wawili. Ila fomu za Nosy Be zote zilipita mikononi mwake, na kama palikuwa na mtu wa kumpoteza mtu, yeye alikuwa wa kwanza kushukiwa.

"Bwana mkuu," alisema, "naomba nitazame fomu kabla sijachapa."

"Tazama. Ukimaliza, chapa hivyo hivyo."

Akaenda kabatini. Fomu ya Maoulida ilikuwapo: jina, mtaa, kazi, mke na watoto wanne. Mahali pa mwaka wa kuzaliwa palikuwa patupu. Pembeni ilikuwapo alama yake ya penseli, maana yake kadi aliitoboa. Akafungua droo ya kadi. Kadi zilipangwa kwa namba, naye akapekua hadi namba ya jirani yake, kisha ya jirani wa pili. Kati yao hapakuwa na kitu. Akarudia mara tatu, akidhani mbili zimegandana. Hapakuwa na kitu.

Akamtafuta Fatoumia. Huyu kadi yake ilikuwapo mahali pake, safi, mwaka wa kuzaliwa 1928, kila tundu sawasawa na fomu.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Kama wote wawili wangekosekana, angesema kuna bunda lililopotea njiani. Kama wote wangekuwapo, angesema daktari ndiye aliyebadili shauri. Lakini mmoja yupo na mwingine hayupo, na orodha imewakosa wote wawili. Alikaa pale na droo mapajani hadi kengele ya mchana ikalia. Akaenda nyumbani, akala wali wa mama Echata bila kujua anakula nini.

Aliporudi akaona heri amfuate Maoulida kwanza, kwa sababu kadi iliyokwisha kutobolewa haiwezi kuyeyuka. Baada ya mkono wake, kadi zilikwenda kwa Daoud. Daoud alikuwa mtu mzima wa mtaa wa Mangarivotra, mpole, mwenye mazungumzo mengi juu ya miguu yake inayouma. Kazi yake ilikuwa mashine ya kuchambua. Unachagua safu, unatia bunda la kadi, na kila kadi inaangukia shimo la tarakimu yake. Kwa orodha ya Nosy Be, daktari alitaka watoto, watu wazima na wazee watengwe, kwa kuwa vipimo vya dawa vinatofautiana. Basi Daoud alikuwa amechambua kwa mwaka wa kuzaliwa.

"Ba Daoud," Kalathoumi aliuliza, "kadi isiyo na mwaka inaangukia wapi?"

"Haianguki popote pa maana. Inakwenda shimo la mwisho kabisa, lile la zilizokataliwa."

"Halafu wewe unazifanya nini?"

"Zile mbovu? Naziweka."

"Mbovu kwa nini?"

Daoud alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mashine imezikataa, mwanangu. Nilifundishwa kwamba ikikataa kadi, kadi ina kasoro, mtobozi ataitoboa upya. Nikadhani mmeshatoboa nyingine. Hakuna aliyekuja kuzidai."

Aliinama na kuvuta kisanduku cha sabuni kutoka chini ya mashine. Ndani mlikuwa na kadi zimelala ovyo, nyingine zimekunjwa. Karatasi ngumu kama ile haitupwi. Watu wa ofisini walikuwa wakija kuchukua moja moja, huyu kuandikia ujumbe, yule kutia chini ya mguu wa meza inayotikisika. Kalathoumi alikaa sakafuni akazisoma matundu moja moja, kama mtu anavyosoma maandishi ya mkono anaoujua. Ya ishirini na kitu ilikuwa ya Maoulida. Nyuma yake Daoud alikuwa ameandika kwa kalamu: vitunguu, mafuta ya taa, uzi mweusi.

Daoud aliona anachokitazama, akavua kofia na kuishika mkononi.

Kisandukuni mlikuwa na kadi thelathini na nane. Kalathoumi alirudi kwenye fomu, akazipitia zote za Nosy Be kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya siku mbili nzima, akazitoa zile zilizoachwa wazi mahali pa mwaka. Zikawa arobaini na saba. Kwa hiyo kadi tisa zilikuwa zimekwenda na vijikaratasi vya sokoni. Jambo moja lilimwuma kuliko mengine. Kadi hizo hazikuwa na kosa hata moja. Aliambiwa palipo wazi apite, akapita. Daoud aliambiwa iliyokataliwa ina kasoro, akaiweka kando. Kila mmoja alifanya alivyofundishwa, na kati yao wawili watu arobaini na saba wakatoka katika hesabu ya walio hai.

Hilo lilifumbua habari ya Maoulida. Ya Fatoumia halikuifumbua, maana yeye mwaka alikuwa nao na kadi yake ilikuwa kwenye droo sahihi.

Siku ya tatu Kalathoumi akageukia kadi za picha. Akaitafuta namba ya Fatoumia, hakuiona. Akatafuta namba za majirani zake wa Ambondrona, nazo hazikuwapo. Kijiji kizima hakikuwa na jibu la picha hata moja, ingawa fomu zilionyesha kwamba watu walisimama mbele ya mashine ya daktari siku mbili. Mashine ya kulinganisha, ikikuta mtu asiye na picha, ilimwacha tu, kama mtu ambaye siku ile hakutokea.

Akamwendea Charifa, aliyekuwa akila mkate kwenye meza yake.

"Mdogo wangu, majibu ya picha za Ambondrona uliyatoboa wewe?"

"Mimi, dada."

"Tarakimu za mahali ulitoboa zipi?"

Charifa akafungua daftari la namba za mahali, akaweka kidole. "Sifuri saba. Ambondrona, sifuri saba. Imeandikwa hapa."

Ilikuwa kweli imeandikwa. Ilikuwa namba ya Ambondrona, mtaa wa Mahajanga, mwendo wa dakika chache kutoka pale walipokaa. Kalathoumi akafungua ukurasa wa mbele zaidi. "Na hii?"

Charifa akasoma: Ambondrona, ishirini na sita. Juu ya ukurasa iliandikwa Nosy Be. Akaacha kutafuna.

"Mimi Nosy Be sijafika," alisema taratibu. "Sikujua kama iko nyingine."

"Mimi nimezaliwa huko na sikukwambia," Kalathoumi akajibu.

Walizikuta kadi za picha ishirini na tisa zikiwa chini ya namba saba, zote zikiwa zimefungwa kwa mpira mmoja ndani ya droo ya zisizo na mwenyewe. Mtaa wa Ambondrona wa Mahajanga daktari hakuufikia mwaka ule, kwa hiyo mashine haikupata watu wa kuwapa picha hizo, ikaziweka kando. Ya Fatoumia ilikuwa ya sita. Kwenye safu ya jibu palikuwa na tundu la moja, yaani kivuli.

Bwana Abdérémane hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kazi hiyo kwa shida, na aliipenda ofisi yake kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga. Kalathoumi alipompangia mezani mabunda mawili na kumweleza, aliyatazama akigeuza kalamu.

"Hili la Ambondrona ni rahisi," alisema hatimaye. "Charifa atatoboa upya kwa ishirini na sita. Na hizi zisizo na mwaka, zitoboleeni sifuri mbili, zipate pa kuangukia."

"Sifuri mbili ni mwaka 1900, Bwana mkuu."

"Najua."

"Wapo watu waliozaliwa mwaka huo. Nimewaona watatu Nosy Be peke yake. Tukitoboa sifuri, Maoulida mwenye watoto wadogo ataingia kwa wazee wa miaka sitini na sita, na Hamidou atampimia dawa ya mzee. Na kesho mtu akiuliza wazee wa kisiwani ni wangapi, tutamwambia uongo. Kutojua si sifuri."

Alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mkuu wake kwa miaka miwili, na alipomaliza alihisi masikio yake yanawaka.

"Basi uandike nini? Tundu la kutojua halipo."

"Lipo. Nafasi ya juu kabisa ya safu, juu ya sifuri. Hatuitumii kwa lolote. Tukitoboa pale, maana yake mtu huyu yupo ila mwaka wake hatuujui."

Bwana Abdérémane akaita mlangoni. Daoud akaja, kofia mkononi, maana tangu siku ya kisanduku hakuivaa tena mbele ya Kalathoumi. Akaulizwa kama mashine yake ina shimo la tundu la juu.

"Inalo," alisema. "Tangu nianze kazi halijapokea kadi hata moja."

Walitoboa upya wiki nzima. Zile kadi tisa zilizopotea zilitobolewa kutoka kwenye fomu. Daoud alichambua, na kila mara shimo la zilizokataliwa likitoa kadi aliinyanyua na kuita namba yake kwa sauti, hadi likakaa tupu. Orodha mpya ikatoka na majina themanini na manne. Watu ishirini na watatu walikuwa wameachwa.

Sasa yakabaki maneno ya barua, na hapo walivutana. Bwana Abdérémane alitaka orodha mpya ipelekwe kwa jina la orodha ya nyongeza, basi. Kalathoumi alishikilia kwamba lazima Hamidou aambiwe ya kwanza ilikuwa na pengo.

"Amewaambia watu ni wazima kwa sababu hawamo," alisema. "Akipata nyongeza bila maelezo, atadhani wameugua sasa. Na yule asiyekuwamo hata kwenye hii ya pili, ataendelea kumwambia ni mzima. Tumwandikie kwamba asiyekuwamo, atazame picha yake tena."

"Ukiandika hivyo, nani ataamini orodha ya ofisi hii?"

"Hamidou ameshaacha kuiamini, Bwana mkuu. Ndiyo maana aliandika."

Mkuu akainuka, akasimama dirishani. Mwishowe akasema, bila kugeuka, kwamba kama ni hivyo basi aende mwenyewe akaseme kwa mdomo wake, meli ya pwani inaondoka Alhamisi. Kalathoumi hakujua kama ni adhabu au ni heshima. Akaenda kumwambia mama Echata amfungie nguo.

Alifika Hell-Ville mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Hamidou alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye koti jeupe lililofifia kwa kufuliwa. Aliipokea orodha kwenye baraza ya zahanati, akashuka nayo kwa kidole, jina kwa jina, bila haraka. Kidole kikasimama.

"Maoulida amefariki," alisema. "Leo ni wiki ya tatu."

Kalathoumi aliketi kwenye benchi. Siku alipofariki barua ya Hamidou ilikuwa bado njiani, au labda ilikuwa imeshafika na yeye Kalathoumi yuko sakafuni na kisanduku cha sabuni. Alijaribu kuhesabu siku, kisha akaacha, kwa kuwa jibu lolote lisingemsaidia mtu.

"Mkewe yuko edani," Hamidou aliendelea. "Mimi siwezi kuingia kumweleza, na maneno haya si ya kumtuma mtu. Wewe ni mwanamke. Utaweza?"

Akasema ataweza.

Nyumba ya Maoulida ilikuwa ya mbao zilizorandwa vizuri, milango inayofunga bila kupigwa. Hamidou alibaki nje na kaka wa marehemu. Ndani, mjane, jina lake Hayrat, alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunika nguo nyeupe, na mtoto mdogo amelala ubavuni pake. Kalathoumi akampa mkono wa tanzia, akataja jina la baba yake. Hayrat akamjua: baba yake ndiye aliyemshonea nguo ya harusi. Hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi.

Alimweleza kwa Kingazija, bila kupinda. Kwamba jina la mumewe lilipaswa kuwamo kwenye orodha. Kwamba halikuwamo kwa sababu kadi yake ilikuwa na mahali patupu, mashine ikaiweka kando, na watu wa ofisini, yeye mmoja wao, hawakwenda kuitafuta.

"Mahali patupu pa nini?" Hayrat aliuliza.

"Pa mwaka wa kuzaliwa."

Mwanamke yule alimfunika mtoto kwa upindo wa nguo yake. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyemwandikisha. Yeye alikuwa anaezeka nyumba ya watu. Yule karani aliniuliza mwaka, nikasema sijui. Alikuwa na cheti, kiko ndani ya sanduku lile pale. Sikufikiri kwenda kukitafuta. Kulikuwa na foleni."

Kalathoumi aliona linakokwenda jambo hilo, akasogea hadi magoti yao yakakaribiana.

"Sikiliza, dada. Hukukosa. Uliulizwa, ukajibu kweli. Mtu akisema sijui, ni jibu, na kazi yetu ilikuwa kuliandika. Hatukuliandika. Kosa liko kwetu, wala usilibebe."

"Nikilibeba au nisilibebe, hayupo."

"Ndiyo."

Wakakaa. Nje kaka wa marehemu alisikika akikohoa, kikohozi cha kawaida cha mtu anayesubiri, na wote wawili wakakisikiliza hadi kikakoma. Kalathoumi akasema kwamba Hayrat na watoto wanatakiwa kupigwa picha za kifua, na kwamba kwa kuwa yeye yuko edani, Hamidou ameahidi kupanga siku ya faragha, aende na kurudi kwa gari lililofunikwa. Hayrat akauliza kama sheria inaruhusu. Kalathoumi akasema wamemwuliza mwalimu wa dini, naye amesema matibabu yana ruhusa. Basi akakubali. Kabla mgeni hajaondoka, Hayrat alimtuma mtoto wake mkubwa wa kike akafungue sanduku, akatoa cheti cha baba yake. Kilisema 1925. Kalathoumi akaandika mwaka huo kwenye karatasi, ingawa hakujua bado ataufanyia nini.

Siku ya pili akaenda na Hamidou Ambondrona, upande wa magharibi wa kisiwa. Fatoumia walimkuta shambani, kati ya milangilangi, miti ya maua ya manukato, iliyokatwa mifupi ili wachumaji wafikie matawi, kikapu cha maua ya manjano kiunoni. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na pumzi fupi. Hamidou alipoanza kueleza habari ya orodha, alimkatiza.

"Wewe muuguzi, kwanza niambie: nimo au simo? Mwezi wa nne mlisema nina kitu. Mwezi wa nane mkasema sina. Mwenzako huyu amekuja kusema nini?"

"Umo, mama," Kalathoumi alisema. "Ulikuwamo tangu mwanzo. Tulikuweka Mahajanga kwa makosa."

"Mahajanga? Mimi bahari naiogopa."

"Kuna Ambondrona huko pia."

Fatoumia aliwaza, kisha akacheka hadi kikohozi kikamshika, na walisubiri kimpite. Alipofuta mdomo, leso ilikuwa na damu kidogo. Aliikunja haraka lakini wote watatu waliiona. Jioni ile ile alianza sindano.

Kati ya wale ishirini na watatu, ishirini na mmoja walipatikana na kuanza dawa. Mmoja alikuwa amehamia bara, na habari zake hazikujulikana. Mmoja alikuwa Maoulida. Picha za nyumba yake zilionyesha kwamba Hayrat ni mzima na watoto watatu ni wazima. Mtoto wa pili alikutwa na kivuli kidogo, akatibiwa mwaka mzima, akapona. Fatoumia alimeza vidonge miezi kumi na minane, akilalamika kila wiki kwamba vinamfanya asikie harufu ya maua kama harufu ya chuma, na akamaliza.

Kalathoumi aliporudi Mahajanga, kadi ya Maoulida ilimpa taabu. Charifa aliuliza kama itolewe. Bwana Abdérémane alisema iondolewe, kwa kuwa orodha ni ya kuwaita watu. Kalathoumi akaomba ibaki, itiwe alama ya marehemu kwenye safu iliyokuwa haitumiki, na mwaka 1925 utobolewe mahali pake. Akakubaliwa. Baada ya hapo ofisi ikawa na desturi mpya, iliyobandikwa ukutani kwa maandishi ya taipu: hakuna kadi inayotupwa kwa kuwa imekataliwa, na kila orodha inayotoka iandikwe chini idadi ya fomu zilizoingia, idadi ya majina yaliyotoka, na waliobaki wako wapi. Hapakuwa na jina la aliyeichapa. Daoud ndiye aliyekuwa mkali zaidi kuifuata. Kijana mgeni alipochukua kadi moja kuandikia namba ya nyumba, alimfuata hadi nje ya lango.

Kalathoumi aliolewa mwaka 1968 na mwalimu wa shule ya Mangarivotra, akazaa watoto watatu, akaendelea na kazi hadi mashine zilipohamishiwa mji mkuu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliambiwa azifuate, akakataa. Akafungua chumba cha kufundisha taipu nyumbani, na wanafunzi wake walimjua kama mtu asiyependa mstari ulioachwa wazi bila maelezo.

Mwaka huo wa mwisho wa ofisi alimchukua mama yake mzazi mahakamani Hell-Ville amtafutie cheti cha kuzaliwa, kwa maana mama hakuwahi kuwa nacho. Wakaleta mashahidi wawili, bibi wawili wa mtaani. Mmoja aliapa kwamba mama alizaliwa mwaka wa kimbunga kilichoangusha paa la msikiti, mwingine akaapa kwamba ulikuwa mwaka mmoja kabla, kwa kuwa siku ya kimbunga yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Walibishana mbele ya hakimu hadi karani akaweka kalamu chini. Hakimu akaandika kwamba alizaliwa yapata 1919.

Mama aliisoma karatasi kwa kidole, herufi kwa herufi, akauliza neno lile "yapata" lina kazi gani pale.

"Maana yake hawana hakika," Kalathoumi alisema.

"Basi wameandika vizuri," mama akajibu, akakunja karatasi, na wakatoka kutafuta gari la kurudi nyumbani.